Jicho la Mama Linaliwa na Baridi Yabisi: Kwa Nini Ameandikiwa Dawa ya Saratani?

SWALI

Shikamoo Daktari,

Ninakuandikia kwa niaba ya mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 61, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye ninaishi naye hapa Tanga. Mama ana baridi yabisi, ile inayoitwa rumatoidi, na huu ni mwaka wa 14. Vidole vyake vimepinda na kwenye viwiko ana vinundu vigumu visivyouma. Kwa miaka mingi alikuwa akimeza methotreksati mara moja kwa wiki na hali yake ilikuwa ya kuridhisha, lakini miezi 8 iliyopita aliacha, kwa sababu ndugu yake alimwambia kwamba hiyo ni dawa ya saratani na kwamba inaharibu ini polepole. Tangu hapo amekuwa akituliza maumivu kwa diklofenaki tunayonunua dukani.

Wiki 6 zilizopita jicho lake la kulia lilianza kuwa jekundu. Zahanati walisema ni ugonjwa wa macho mekundu wakampa matone ya kloramfenikoli. Baada ya siku 10 bila nafuu tulikwenda duka la dawa, tukauziwa matone yenye deksamethasoni na jentamaisini. Alipata nafuu kwa siku 3, kisha maumivu yakarudi kwa nguvu zaidi. Anasema yanatoka ndani kabisa ya jicho, yanapanda kwenye paji la uso na kushuka hadi kwenye taya, na kila usiku humwamsha mnamo saa nane. Jirani alituletea maji ya majani fulani ya kusafishia jicho. Nakiri kwamba tulimtia mara mbili.

Wiki iliyopita ndipo tulipofika kwa daktari bingwa wa macho. Alimchunguza kwa muda mrefu kwa darubini yenye taa, akatuambia kwamba sehemu ya weupe wa jicho imeanza kufa, na kwamba pembeni mwa kioo cha jicho kuna kidonda chenye umbo la hilali. Alisimamisha matone yote ya dukani, akaandika prednisoloni vidonge 12 vya miligramu 5 kila siku, akaagiza vipimo vya damu na X-ray ya kifua, kisha akasema mama aanzishiwe sindano za saiklofosfamidi. Muuzaji wa dawa alipoona vidonge 12 alishtuka, akasema huenda daktari amekosea, nasi kwa hofu tukampa mama vidonge 4 tu kwa siku hadi leo. X-ray hatujapiga, kwa kuwa mama hakohoi na sikuona inahusiana vipi na jicho, ingawa marehemu baba aliwahi kutibiwa kifua kikuu miaka 5 iliyopita. Sindano mama ameikataa kabisa baada ya kusikia kwamba nayo ni ya saratani. Anasema, "Mimi ninaumwa jicho, sina saratani."

Jicho la kushoto haliumi hata kidogo, ila nimegundua kwamba kwenye weupe wake, upande wa juu, pana doa kama la samawati. Nadhani ni uzee. Vilevile ana kidonda kidogo kwenye kifundo cha mguu ambacho kimekataa kupona kwa muda wa miezi 2, lakini hicho nakitaja tu.

Naomba uniambie: kwa nini jicho litibiwe kwa dawa kali kiasi hiki za kupita mwilini? Kwa nini wasimfanyie upasuaji au kumwekea kioo kingine cha jicho tukamaliza? Na je, mama ataona tena kwa jicho hilo?

Binti, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole zangu nyingi, nawe pole kwa mzigo huu.

Maswali yako nitayajibu yote, lakini kuna jambo moja ambalo halipaswi kusubiri hadi umalize kusoma. Mpigie simu daktari aliyemwona mama, leo hii, umweleze kwamba mama amekuwa akimeza vidonge 4 badala ya 12, kwamba jicho la kushoto lina doa la samawati, kwamba ana kidonda cha mguu kisichopona, kwamba baba aliwahi kuugua kifua kikuu, na kwamba jichoni alitiwa maji ya majani. Usimfiche hata moja kati ya hayo matano. Ukikosa kumpata kwa simu, mchukue mama uende naye hospitali hiyo leo bila kungoja tarehe ya miadi, kwa sababu kidonda cha aina uliyoieleza kinaweza kutoboa jicho katika muda wa siku chache.

Vidonge 12 havikuwa kosa. Katika hali hii kipimo cha prednisoloni hukadiriwa kwa uzito wa mgonjwa, takriban miligramu 1 kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo mtu mwenye kilo 60 hupewa miligramu 60, na kwa kuwa vidonge vinavyopatikana kwa wingi kwetu ni vya miligramu 5, hesabu inafika vidonge 12. Namwelewa muuzaji aliyeshtuka, maana kwa pumu au mzio huona vidonge vichache zaidi. Lakini njia sahihi ilikuwa kumpigia simu aliyeandika dawa, si kuwashauri ninyi mpunguze. Huenda daktari, akisikia kwamba wiki nzima imepita kwa theluthi moja ya kipimo, akaamua kumlaza mama na kumpa methiliprednisoloni kwa dripu, gramu nusu hadi gramu 1 kwa siku, kwa siku 3 mfululizo, ili auzime moto haraka, kisha arudi kwenye vidonge. Akiamua hivyo, msiogope. Jambo la kuogopa ni kuziacha dawa hizi ghafla, kwani mwili uliozoea prednisoloni hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo, na mgonjwa anayezikatiza kwa siku moja anaweza kuanguka kwa kushuka kwa presha na sukari. Kipimo hupunguzwa kwa hatua, kwa wiki na miezi, na anayepanga hatua hizo ni daktari.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa, la kwa nini ugonjwa wa jicho utibiwe kwa dawa za mwili mzima. Mama haumwi magonjwa mawili, mmoja wa viungo na mwingine wa jicho. Anaumwa ugonjwa mmoja. Katika baridi yabisi ya rumatoidi, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huushambulia mwili wenyewe. Mara nyingi huanza na utando laini unaozunguka maungio, ndiyo maana vidole huvimba na kupinda, lakini ugonjwa ukidumu miaka mingi, hasa kwa mtu mwenye vinundu kama vya mama, mashambulizi hayo yanaweza kuhamia kwenye kuta za mishipa midogo ya damu popote ilipo. Weupe wa jicho umejengwa kwa nyuzi za kolajeni, protini ambayo ipo kwa wingi pia kwenye maungio. Konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni, haina mishipa ya damu katikati yake, ila pembeni, pale inapoungana na weupe, imezungukwa na vishipa vyembamba sana, na hapo ndipo mabaki ya vita vya kinga hutuama, askari wa mwili hukusanyika, na vimeng'enya vyao huanza kuyeyusha nyuzi za konea. Hilali aliyoiona daktari ndiyo hiyo. Konea katikati ina unene wa kama nusu milimita, na pembeni huzidi hapo kidogo tu, kwa hiyo utaona kwamba akiba ya kupoteza ni ndogo mno.

Matone yanayotiwa juu ya jicho hayawezi kuzuia kitu kinacholetwa na damu kutoka ndani. Hayo matone ya deksamethasoni mliyouziwa yalituliza wekundu kwa siku 3, lakini steroidi (jamii ya dawa za kutuliza uvimbe, ambamo deksamethasoni na prednisoloni zimo) ya matone, inapotiwa kwenye konea inayoyeyuka, huweza kudhoofisha ujenzi wa kolajeni mpya na kuharakisha kutoboka. Na pia ingekuwa hatari zaidi kama kidonda kingekuwa cha vijidudu. Daktari alifanya vyema kuyasimamisha. Matone ya kutuliza maumivu ya jamii ya diklofenaki nayo yamewahi kuhusishwa na kuyeyuka kwa konea, kwa hiyo akiyapendekeza mtu yeyote dukani, yakataeni.

Kuna sababu nyingine ya kutibu mwili mzima, nayo ni nzito kuliko jicho lenyewe. Mwaka 1984 madaktari wa macho nchini Marekani walichapisha taarifa ya wagonjwa 34 wa baridi yabisi ya rumatoidi waliopata ama kufa kwa weupe wa jicho ama kidonda cha pembeni mwa konea, yaani hali zile zile alizonazo mama. Kati ya 17 waliotibiwa bila dawa za kupunguza kinga, 9 walifariki kwa matatizo yaliyotokana na mishipa ya damu. Kati ya 17 waliopewa dawa hizo, alifariki 1. Walikuwa wachache, na tiba imesonga mbele tangu wakati huo, lakini tangu hapo daktari wa macho anapoiona hilali ile huisoma kama taarifa kwamba mishipa ya damu ya mgonjwa inashambuliwa hata mahali ambapo darubini yake haifiki: moyoni, kwenye utumbo, kwenye neva za miguu. Ndiyo maana kile kidonda cha kifundo cha mguu ambacho wewe umekitaja kwa kupita tu kimenishtua kuliko maneno mengine mengi ya barua yako. Kidonda cha mguu kisichopona kwa mtu mwenye rumatoidi ya muda mrefu kinaweza kuwa ni mishipa hiyo hiyo inayoziba. Mwulize mama pia kama nyayo zinamfa ganzi, au kama amewahi kushindwa kuunyanyua mguu akitembea, na majibu yake yafikishwe kwa daktari.

Kwa hiyo mwambie mama, kwa upole na bila kumficha, kwamba yuko sahihi anaposema hana saratani. Saiklofosfamidi hutumika kwa saratani kwa sababu huzuia chembe zinazozaliana kwa kasi. Na chembe za kinga zinazoshambulia jicho lake nazo zinazaliana kwa kasi, ndiyo sababu dawa hiyo huzikamata. Ni chombo kimoja kinachotumika kwa kazi mbili, na katika kazi hii ya pili vipimo kwa kawaida huwa vidogo zaidi. Ndivyo ilivyo hata kwa methotreksati: katika saratani fulani hutolewa kwa mamia au maelfu ya miligramu kwa mara moja, ilhali kwa baridi yabisi ni kati ya miligramu 7.5 na 25 kwa wiki. Ndugu yake mama hakudanganya alipotaja ini, kwa maana methotreksati kweli huweza kuliathiri, lakini ndiyo sababu wanaoitumia hupimwa damu kila baada ya muda na kukatazwa pombe, na ikiwa vipimo vilikuwa vizuri kwa miaka yote ile, basi hapakuwa na sababu ya kuiacha. Sitasema kwamba kuiacha ndiko kulikoleta maradhi ya jicho, wala simlaumu. Nasema tu kwamba ugonjwa ulikaa miezi 8 bila mlinzi, kwani diklofenaki hutuliza maumivu bila kuzuia uharibifu hata kidogo. Na kwa kuwa sasa anameza prednisoloni, diklofenaki iachwe, maana zikikutana mbili hizo tumboni zinaweza kuleta vidonda na kutokwa damu.

Pengine utauliza kwa nini basi asirudishiwe methotreksati yake ya zamani, ambayo ameizoea na ni ya bei nafuu. Ni kwa sababu methotreksati huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi, kufikia nguvu yake, na konea inayoyeyuka haiwezi kusubiri hivyo. Huenda akarudishiwa baadaye, jicho likishatulia, ili kulinda kilichookolewa. Saiklofosfamidi ya mshipani hutolewa kwa awamu, kwa kawaida kila baada ya wiki 2 hadi 4. Madhara yake ni ya kweli: hushusha chembe nyeupe za damu na hivyo kufungua mlango wa maambukizi, huleta kichefuchefu, na mabaki yake huweza kuunguza kibofu hadi mkojo ukawa na damu, ndiyo maana mgonjwa huhimizwa kunywa maji mengi siku ya sindano na siku inayofuata, na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Suala la kuharibu uzazi, ambalo hutusumbua sana tunapomtibu msichana, kwa umri wa mama halipo. Dawa nyingine inayoweza kuchukua nafasi yake ni rituksimabu, ambayo hutolewa kwa dripu mbili zinazopishana wiki 2 na ambayo imewasaidia wagonjwa wengi wa aina hii, ila bei yake ni kubwa na kabla ya kuipata ni lazima apimwe homa ya ini aina ya B, kwa kuwa inaweza kuiamsha iliyolala. Ulizeni kama bima yake inailipia kabla ya kuikata tamaa.

Hapa ndipo X-ray ya kifua inapoingia. Vimelea vya kifua kikuu huweza kulala mwilini mwa mtu miaka mingi bila kikohozi, vikiwa vimefungwa na kinga yake. Mama aliishi nyumba moja na baba alipokuwa akiumwa. Tukiishusha kinga ya mama bila kuangalia, tunaweza kumfungulia adui huyo. Zaidi ya hayo, kifua kikuu chenyewe, kaswende, na kirusi cha mkanda wa jeshi huweza kusababisha mwako wa weupe wa jicho, yaani wekundu na uvimbe wenye maumivu, au kidonda cha konea, unaofanana sana na wa baridi yabisi, hivyo daktari anataka kuhakikisha kwamba anapambana na adui halisi. Vipimo vyote alivyoagiza, pamoja na kile cha VVU, vina kazi hiyo, na havimaanishi kwamba anamshuku mama kwa jambo lolote la aibu. Vipigwe leo au kesho. Maji ya majani nayo yanahusika hapo hapo: maji yasiyo safi huweza kuingiza bakteria au kuvu kwenye kidonda kilicho wazi, na daktari akijua atakwangua kidogo pembeni ya kidonda apeleke maabara kabla ya kuongeza dawa za kushusha kinga. Nimewaona wagonjwa wengi waliofichwa jambo hili na jamaa zao kwa aibu, na ufichaji huo ukawagharimu jicho.

Sasa jicho la kushoto. Mwanangu, hilo doa si uzee. Weupe wa jicho unapokonda sana, rangi ya tabaka jeusi lililo chini yake huanza kuonekana kama samawati au kijivu, na iko aina moja ya ugonjwa huu, huwapata zaidi wanawake wenye rumatoidi ya miaka mingi, ambayo hula weupe kimya kimya bila maumivu na bila wekundu. Mgonjwa hajui, na watu wa nyumbani wasipotazama kwa makini katika mwanga wa mchana hawajui. Mara nyingi jicho la namna hiyo halitoboki lenyewe, lakini pigo dogo la kiwiko cha mtoto au kona ya kabati linaweza kulipasua. Daktari huenda aliliona, huenda alikuwa ameshughulishwa na la kulia, wewe mkumbushe. Umefanya jambo kubwa kuligundua.

Niseme neno juu ya ile njia ndefu mliyopitia kabla ya kufika kwa bingwa, kwa faida ya wengine wanaosoma. Macho mekundu ya kuambukiza huwasha, hutoa tongo, mara nyingi hushika macho yote mawili, na hayamwamshi mtu usiku kwa maumivu ya taya. Mwako wa weupe wa jicho huwa na maumivu mazito ya ndani, jicho huuma hata ukiligusa juu ya kope, na wekundu wake huelekea zambarau. Mtu mwenye baridi yabisi anayepata jicho jekundu lenye maumivu ya namna hiyo, au anayeanza kuona ukungu, au anayeumizwa na mwanga, asipewe matone ya kubahatisha. Aonwe na daktari wa macho siku ile ile au kesho yake, naye aanze kwa kutaja baridi yabisi kabla hajataja jicho. Malalamiko ya macho makavu, kama kuhisi mchanga na kuungua jioni, ni ya kawaida zaidi kwa wagonjwa hawa na kwa kawaida hutosheka na machozi ya bandia, lakini hata huo ukavu usipotibiwa unaweza kuikwaruza konea, hivyo nao usidharauliwe.

Umeuliza juu ya upasuaji. Kupandikiza konea mpya katika jicho ambalo kinga bado inalishambulia ni kama kuezeka nyumba inayoendelea kuungua. Konea ya kupandikizwa nayo huyeyuka kama ile ya kwanza. Upasuaji katika hali hii una kazi moja, kuziba tundu au kulizuia lisitokee wakati dawa zinafanya kazi yake: gundi maalumu ya tishu huwekwa juu ya sehemu iliyokonda na kufunikwa kwa lenzi laini, au utando wa kondo la nyuma ukashonwa juu yake, au kiraka cha konea iliyotolewa na mtu mwingine kikawekwa. Pamoja na hayo daktari anaweza kuongeza vidonge vya doksisaiklini, ambavyo hapa havitumiki kuua bakteria bali kupunguza makali ya vile vimeng'enya vinavyoyeyusha kolajeni. Kama huduma hizi hazipo hospitali mliyopo, ombeni rufaa mapema. Kutoka Tanga mnaweza kupelekwa KCMC kule Moshi, au Dar es Salaam kwenye Hospitali ya Taifa Muhimbili au CCBRT, ambako kuna mabingwa wa macho. Muhimu zaidi ya jina la hospitali ni kwamba daktari wa macho na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, au wa magonjwa ya viungo akipatikana, wazungumze kuhusu mama wakiwa na faili moja, kwa sababu huyu wa pili ndiye atakayesimamia sindano, vipimo vya damu na kile kidonda cha mguu.

Nyumbani, mama asilisugue jicho wala asiliminye. Wakati wa kulala avae ngao ngumu ya jicho, ile ya plastiki yenye matundu, inayokaa kwenye mifupa ya uso bila kuligusa jicho lenyewe; mkiikosa kwa usiku mmoja, kitako cha kikombe cha karatasi kilichofungwa kwa plasta kitafaa, lakini msifunge bandeji inayokandamiza. Mchana avae miwani, hata isiyo na nguvu, kulinda macho yote mawili. Asibebe ndoo wala asiiname kwa muda mrefu. Ikiwa mama huswali, aswali akiwa ameketi kwenye kiti na kuinamisha kichwa kidogo tu hadi daktari atakapomruhusu kusujudu, na wakati wa kutawadha afute uso kwa uangalifu bila kurushia maji jichoni. Kwa sababu ya prednisoloni, apimwe sukari na presha kila wiki kwa kuanzia, apunguze chumvi, na aulizie dawa ya kulinda tumbo pamoja na kalsiamu na vitamini D kwa ajili ya mifupa. Akipewa Septrin ya kumkinga na maambukizi wakati wa sindano, kumbukeni kwamba Septrin na methotreksati hazichanganywi bila daktari kujua, kwa kuwa zikiwa pamoja zinaweza kushusha chembe za damu vibaya. Homa yoyote baada ya sindano ni ya kupelekwa hospitali usiku huo huo.

Iwapo ghafla atahisi maji ya moto yakimtoka jichoni, au mboni ikageuka umbo kama tone, au kitu cheusi kikachomoza kwenye kidonda, jicho limetoboka. Mvisheni ngao, msitie dawa yoyote, asile chakula kwa kuwa huenda akahitaji kulazwa usingizi wa upasuaji, na muondoke saa hiyo hiyo.

Ama kuhusu kuona, nitakujibu kadiri barua inavyoruhusu. Ikiwa kidonda kimebaki pembeni na katikati ya konea ni angavu, na kikizuiwa kabla ya kutoboka, anaweza kubaki na uoni wa manufaa, ingawa kovu litaivuta konea na kuipotosha umbo, hivyo atahitaji miwani mipya au lenzi ngumu. Steroidi za muda mrefu huweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho, kwa hiyo presha hiyo ipimwe kila anapohudhuria kliniki. Na mtoto wa jicho akitokea, asikimbiliwe kwa kisu, kwa maana upasuaji katika jicho ambalo halijatulia kwa miezi kadhaa unaweza kuuamsha ugonjwa upya mahali pa mshono. Maumivu yakiisha wiki hii au ijayo, mama atasema amepona na kutaka kuacha dawa. Hapo ndipo utakapohitaji uimara wako, kwani maumivu huondoka siku chache baada ya prednisoloni kuanza, ilhali kuwaondoa askari waliokwisha kukusanyika pembeni mwa konea ni kazi ya miezi.

Umpigie daktari kabla hujaiweka barua hii pembeni. Na mama akiendelea kuikataa sindano, mwombe daktari amwonyeshe picha ya jicho lake kwenye skrini ya ile darubini, amwelezee yeye mwenyewe na si wewe. Alikuwa mwalimu, atataka kuona ubaoni kabla ya kukubali.